Turudi, Mwongoza Njia Aliyeogopa Msitu

Mpendwa wetu tunayemzika leo alikuwa mwoga. Familia ilikaa ikajadiliana kama neno hilo linafaa kusomwa mbele ya jeneza, na mjane akasema lisomwe, tena liwe la kwanza, kwa sababu marehemu mwenyewe hakulionea haya hata siku moja. Wengi mliofika hapa hamlijui jina alilopewa na wazazi wake. Mnamjua kama Turudi, na kila aliyewahi kutembea naye msituni anajua jina hilo lilitoka wapi. Wasifu huu umeandikwa na dada yake mkubwa, ambaye ndiye anayeusoma. Amejitahidi kusema kweli bila kumremba marehemu, maana akimremba kuna watu hapa watacheka.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1961, mtoto wa tatu na kitinda mimba wa wazazi wake. Baba alikuwa mfanyakazi wa idara ya misitu. Familia iliishi katika nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja pembezoni mwa msitu, nyumba za mbao zenye paa la bati, jikoni kukiwa na dirisha moja tu, na dirisha hilo lilitazama miti. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Mkunga alifika mto ukiwa bado haujajaa, lakini mtoto alipotoka tu daraja likachukuliwa na maji, mkunga akakwama kwao kwa siku kadhaa mpaka mama akaanza kumtuma kuosha vyombo. Dada, wakati huo ana miaka saba, ndiye aliyekabidhiwa mtoto. Anakumbuka kwamba mtoto yule hakusumbuliwa na njaa wala baridi kama wengine. Kilichomsumbua ni ngurumo. Radi ikipiga hata mbali, alikakamaa mwili mzima, akang'ang'ania nguo ya aliyembeba, na wala hakulia. Alitulia tuli akasikiliza. Mama alisema mtoto huyu anasikiliza kama mtu aliyesikia hatua za mgeni mlangoni.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968. Shule ilikuwa ng'ambo ya msitu, na watoto wa nyumba zile walipita njia ya miguu iliyokatiza katikati ya miti, wakubwa mbele, wadogo nyuma. Kulikuwa na nyani, kulikuwa na nyoka wa kijani waliojinyoosha juu ya matawi, kulikuwa na nyati walioshuka kunywa maji bondeni, na asubuhi zenye ukungu hukuweza kuona mgongo wa mwenzako. Watoto wengine walipita wakiimba. Turudi alipofika kwenye kona moja, pale gogo kubwa lilipolala kando ya njia, aliketi chini na kugoma. Dada akimwuliza kuna nini, alisema kuna kitu. Kitu gani? Hajui. Basi dada akawa hana la kufanya ila kumshika mkono na kuzunguka naye kwa barabara, wakafika kengele imeshalia, wakachapwa wote wawili.

Ukweli usemwe: mara nyingi hapakuwa na kitu. Baba aliwahi kwenda na wenzake kuikagua kona ile wakarudi wakimcheka. Na siku chui alipomchukua mbwa wa fundi seremala, palepale kwenye gogo, Turudi alikuwa amepita hapo asubuhi hiyohiyo bila wasiwasi wowote, akipiga mluzi. Mtoto mwingine angejifunza kwamba hofu yake haina maana. Yeye alilala na homa siku mbili, kisha akamwambia dada yake kwamba kosa lake lilikuwa moja, hakuwa akiogopa vya kutosha. Dada alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Elimu ya sekondari aliiachia kidato cha pili mwaka 1977, baada ya baba kuumia mgongo kazini.

Mwaka 1979 aliajiriwa kwenye kitalu cha miche cha idara hiyohiyo, kazi aliyoipenda kwa sababu miche haikuwa na sehemu ya kumficha mnyama. Lakini mwaka 1986 idara ilifungua njia za matembezi kwa watu wa mjini waliotaka kuona miti na maporomoko, na vijana wa kitalu ndio waliofundishwa kuongoza wageni. Njia ya bonde aliilima yeye mwenyewe kwa jembe na panga. Tangu mwanzo waongoza njia walikuwa na utaratibu wao, ambao wageni wengi hawakuujua. Kila kundi lilikuwa na waongozaji wawili. Wa mbele aliitwa kichwa, wa nyuma aliitwa mkia. Kichwa alichagua njia, lakini uamuzi wa kurudi ulikuwa wa mkia peke yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyewaona watu wote pamoja na anga iliyokuwa juu yao. Mkia akisema turudi, hakuna mjadala. Kundi linageuka palepale liliposimama, na yule aliyekuwa wa mwisho ndiye anayewatoa. Marehemu aliomba kuwa mkia siku ya kwanza kabisa, na hakuna aliyeigombea nafasi hiyo.

Mwezi Mei 1988 alimpoteza rafiki yake, mwongoza njia mwenzake aliyeitwa Mrefu. Wenye umri wa dada wanaijua habari hii, lakini wadogo hawaijui, na bila hiyo hamtamwelewa marehemu. Ilikuwa asubuhi ya manyunyu na ukungu, na Mrefu alikuwa kichwa. Wageni walikuwa wachache, wamevaa makoti ya mvua, na mvua ilipozidi kidogo kila mmoja alivuta kofia ya koti lake akafunika kichwa. Mrefu naye akavuta yake. Turudi hakuwa na koti lenye kofia. Walipokaribia mahali njia inapopinda, alisikia pumzi nzito upande wa kulia, ndani ya majani, karibu mno. Nywele zikamsimama. Akaita turudi. Wageni waliokuwa karibu naye wakasimama. Akaita tena kwa nguvu zake zote, lakini mvua ilikuwa ikigonga kofia ya koti la Mrefu, na Mrefu akaendelea kutembea, tena kwa mwendo wa mtu asiye na shaka, akapinda kona akapotea. Kilichofuata marehemu alikisikia bila kukiona. Walimbeba Mrefu, aliyepigwa pembe na nyati, kwa makoti yao wenyewe, na alikata roho kabla hawajaliona geti.

Tangu siku ile hakuna mgeni aliyetembea na Turudi akiwa amefunika masikio. Mvua inyeshe, upepo uvume, kofia ya koti ilishushwa. Mabibi waliotoka saluni walimlaani. Bwana mmoja mwenye kipara alimwambia kwamba atalipeleka suala hilo kwa wakubwa, na Turudi akamjibu kwa adabu kwamba apeleke, lakini apeleke akiwa na masikio nje. Na alirudisha makundi, jamani. Alirudisha kwa sababu ya wingu, kwa sababu ndege wamenyamaza, kwa sababu siafu wamekatiza njia kwa wingi asioupenda, kwa sababu ya harufu. Wageni waliolipa na kuamka mapema walirudishwa getini bila kuona hata tone la maporomoko. Hapo ndipo jina lilipozaliwa, na walioanza kumwita hivyo hawakuwa wakimsifu.

Watu walidhani amezoea. Hakuzoea. Dada aliwahi kulala kwake, akamwona asubuhi akifunga kamba za viatu, akizifungua na kuzifunga upya mara tatu. Alimwuliza kwa nini haiachi kazi hii arudi kwenye miche yake. Marehemu alimaliza kufunga kamba kwanza.

"Nikiacha mimi, dada, ataingia mtu asiyeogopa."

Tarehe 8 Desemba 1990 alifunga ndoa na mjane tuliye naye hapa, fundi cherehani. Walikutana njiani. Mafundi wa mtaa wake walijipanga waende kuyaona maporomoko, na Turudi akawarudisha nusu ya njia. Wakaja tena, akawarudisha tena. Mara ya tatu wenzake walikata tamaa, yeye akaja peke yake na kundi la wageni wasiomjua, naye Turudi akatazama juu, akatazama majani, akamtazama fundi, akasema samahani sana. Fundi alimwambia mbele ya watu kwamba sasa ameelewa, maji hayo hayaonwi na mtu mpaka aolewe. Alisema kwa hasira tu. Baada ya wiki Turudi alikwenda dukani kwake na suruali isiyo na tatizo lolote, akiomba ishonwe. Maporomoko yenyewe mjane aliyaona mwaka uliofuata, katikati ya kiangazi, siku ambayo mume wake aliridhika nayo. Maji yalikuwa yanadondoka kama kwenye bomba bovu. Baadaye alimshonea marehemu kofia za turubai zenye nafasi ya masikio kila upande, zikawa zinavaliwa na waongoza njia wote, na hadi leo zinavaliwa.

Mungu aliwajalia watoto wawili. Wa kwanza ni mwana, aliyezaliwa 1992, ambaye ni fundi umeme. Wa pili ni binti, aliyezaliwa 1996, na huyu ndiye aliyempa marehemu hofu iliyozidi zile zote za mwanzo. Alipewa jina la utani akiwa bado anatambaa, kwa vile alianguka akainuka bila kulia. Anaitwa Chuma. Akiwa na miaka mitano alipatikana amelala kifudifudi nyuma ya nyumba, mkono wake umezama hadi begani ndani ya shimo la kenge, akisema kuna mkia ameushika. Baba yake hakuweza hata kupiga kelele. Aliketi chini kwenye matope, na mama ndiye aliyekwenda kumtoa. Chuma alikuwa mtoto mwema, mwenye akili na mwenye mkono mwepesi wa kusaidia, lakini kile kitu ambacho baba yake alikuwa nacho kwa wingi, yeye hakupewa hata chembe. Radi ikipiga alikwenda dirishani kutazama.

Mwaka 2016 Chuma naye akaajiriwa kuwa mwongoza njia. Ofisi, kwa nia njema, ikawapanga pamoja, binti kichwa, baba mkia. Dada aliona wazi jinsi ndugu yake alivyoanza kukonda. Zamani aliwaogopea watu asiowajua, na jioni walikwenda zao naye akapumua. Sasa kila siku alimwona mwanawe akiingia wa kwanza kwenye kila kona, kila kichaka, kila kivuko cha mto, kichwa juu kana kwamba anakwenda sokoni. Kusema turudi hakukuwa tatizo, na Chuma alitii, ila alitii kwa kuinua mabega. Marehemu alimweleza dada yake kwamba haombi binti awe kama yeye. Anaomba tu aogope mara moja kabla hajafa, ili asife.

Tunafika tarehe 16 Machi 2019, siku ambayo imesemwa sana vibaya kwenye mtaa huu. Walikuwa na wageni kumi kwenye njia ya ukingo wa mlima. Mchana mawingu yalianza kupanda kutoka upande wa nyuma, meusi na ya haraka, na upepo ukakata ghafla. Mbele yao, kileleni kabisa, kulikuwa na kibanda cha kupumzikia, paa la bati na nguzo za chuma. Marehemu alisema turudi. Chuma alisimama, akageuka, akatabasamu mbele ya wageni.

"Baba, kibanda kile pale. Tukirudi tunalowa, tukienda tunakauka."

"Nimeogopa, Chuma."

"Wewe unaogopa kila siku. Siku gani hukuogopa?"

Wageni walicheka, na kicheko kile kilimpa Chuma nguvu ya kufanya jambo ambalo halikuwa limewahi kufanywa na kichwa yeyote. Alisema anayetaka kurudi arudi na baba, anayetaka kibanda amfuate yeye. Sita walimfuata. Wanne walibaki, mmoja wao mzee mstaafu aliyekwisha kuanza kutetemeka kwa baridi. Kundi likawa mawili, na kila upande una mwongozaji mmoja.

Marehemu aliwashusha wanne wake haraka kutoka ukingoni hadi kwenye vichaka vifupi, akawatawanya wasikaribiane, akawaambia wachuchumae miguu pamoja na waweke fimbo mbali. Koti lake alimvisha mstaafu. Mvua ya mawe ikaanza, kisha radi ya kwanza ikapiga ng'ambo ya bonde na ardhi ikatikisika chini ya viatu vyao. Hapo ndipo Turudi, mtu aliyewafundisha waongoza njia wote kwamba mkia hawaachi watu wake hata kwa dakika moja, aliwaambia wasisogee, akawaacha. Alikimbia kupanda kwenye ukingo ulio wazi, kichwa wazi, kuelekea kwenye bati na chuma alikokuwa mwanawe.

Alimsimulia dada kwamba hakuwahi kuogopa namna ile tangu azaliwe. Macho yalikuwa hayaoni kwa mawe ya mvua, na mdomo wake ulikuwa unaongea wenyewe, haujui unasema nini. Nywele za mikono zilisimama kila anga ilipong'aa, akawa anajitupa chini, anainuka, anaendelea. Alipofika, aliwakuta watu saba wameketi kwenye benchi wakimenya machungwa. Wakavu kabisa. Chuma alimkaribisha ndani. Yeye alibaki nje, maji yakimtiririka, akamsihi.

"Toka humo, mwanangu. Nakuomba."

"Baba, ingia. Unalowa."

Hakuingia, na Chuma hakutoka. Marehemu alisimama pale kati ya mtoto wake na wale wanne aliowaacha, na ndipo radi nyingine ilipopasuka karibu sana, ikamkumbusha kwamba kuna watu wamechuchumaa chini wakimngoja. Akageuka akakimbia kurudi kwao. Alikaa nao, bila koti, mpaka mvua ikaisha. Hakuna kilichotokea. Hakuna aliyeumia, wa chini wala wa juu. Kibanda kile kipo hadi leo, mnaweza kwenda kukiona, hakina hata alama.

Wale wanne walilalamika ofisini kwamba waliachwa peke yao kwenye radi, na malalamiko yao yalikuwa ya kweli. Marehemu hakujitetea. Ofisi ikamtoa njiani ikamweka getini, na nafasi ya mkia akapewa Chuma, kwa kuwa wageni wake walirudi wakavu wakimsifu. Dada alipandwa na hasira akataka kwenda kuwaambia wakubwa wale maneno mawili matatu, marehemu akamzuia. Alisema wamemtoa kwa haki. Mtu anayeweza kuwaacha watu wake hafai kuwa mkia, na yeye anajijua, siku ile ikirudi atawaacha tena.

Kwa miaka zaidi ya mitatu alikaa kwenye kibanda cha getini akiuza tiketi na kufungua kizuizi. Sasa neno la kurudi lilikuwa mkononi mwa Chuma, na Chuma hakuwahi kulitamka hata mara moja. Mvua, ukungu, nyayo mbichi za nyati, alipita na watu wake wakafika na wakarudi, na sifa zake zikaenea. Kila kundi lilipopotelea kwenye miti, marehemu alisimama. Waliofanya naye kazi wanasema hakuketi mpaka liliporudi. Akiona wageni wanajitokeza mmoja mmoja, alihesabu kimyakimya, roho juu, mpaka kofia ya mwisho ionekane. Kisha aliuliza swali lilelile, na Chuma akajibu vilevile. Aliogopa? Hapana, baba. Nyumbani mezani walikula pamoja na kuzungumza mambo ya kawaida, bei ya betri, mgongo wa mama, na siku ile ya kibanda hakuna aliyeigusa.

Kikohozi kilianza mwaka 2020. Mwanzoni alikitibu kwa tangawizi na ubishi. Mwaka 2021 daktari alisema mapafu yake yamekuwa yakikakamaa polepole kwa miaka mingi, na akaeleza waziwazi, mbele ya familia yote, kwamba si kwa sababu ya mvua ya siku moja. Dada analirudia hapa kwa sauti kwa sababu kuna mtu mmoja kwenye safu ya mbele ambaye bado haamini. Tarehe 27 Oktoba 2022 alilazwa wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na dirisha, akiwa na mrija wa oksijeni puani. Mvua zilikuwa zimeanza. Chuma alitoka kazini kila jioni akaja na viatu vyake vya matope, muuguzi akamfokea, akavivua, akaketi pembeni ya kitanda peku. Marehemu alitaka kujua njia ikoje, mto ukoje, nani alikuwa kichwa. Kisha akauliza swali lake.

Na Chuma akajibu hapana. Mama yake alimfinya. Dada alimkanyaga mguu chini ya kitanda. Walimtoa nje kwenye baraza, wakamwambia mtu huyu anaondoka, unapungukiwa nini ukisema ndiyo? Mwambie, aende kwa amani. Chuma alilia, kitu ambacho dada alikuwa hajawahi kukiona, lakini hakukubali.

"Shangazi, atajua nadanganya. Halafu ataondoka akiogopa zaidi."

Alasiri ya Jumatatu tarehe 7 Novemba pumzi zilianza kumwishia. Kifua kilipanda na kushuka kwa nguvu, midomo ikageuka rangi, macho yakawa makubwa yakizunguka chumbani. Mashine ililia, muuguzi akaongeza oksijeni, haikusaidia sana. Mjane alikuwa ameshika miguu yake. Chuma alikuwa amesimama ukutani, na dada, aliyekuwa karibu naye, alimwona binti yule akijishikiza ukutani kwa viganja vyote viwili. Akasogea kitandani kama mtu anayetembea kwenye giza, akainama.

"Baba, naogopa."

Ilimchukua marehemu nguvu nyingi kuuliza.

"Wapi?"

"Tumboni. Na miguu sina. Na nasikia kila kitu, baba. Nasikia hata maji kwenye bomba."

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Usiitupe. Nenda nayo."

Hakusema neno jingine lenye maana baada ya hapo. Kifua hakikupata nafuu, lakini macho yaliacha kuzunguka. Alifariki asubuhi ya Jumanne tarehe 8 Novemba 2022, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Dada anataka ijulikane kwamba aliogopa hadi mwisho, na kwamba alikuwa ameushika mkono wa mwanawe.

Marehemu ameacha mjane mmoja, fundi cherehani; watoto wawili, fundi umeme na mwongoza njia; mkwe mmoja; wajukuu wawili; kaka mmoja; na dada mmoja ambaye hakutarajia kuusoma wasifu wa mtoto aliyembeba mgongoni. Familia inawashukuru wauguzi wa wodi ile, majirani waliotupikia na kutuazima viti, na waongoza njia wote.

Kuna badiliko moja katika ratiba. Ilitangazwa kwamba waongoza njia watabeba jeneza kupitia njia ya bonde, ile aliyoilima marehemu kwa mikono yake, ambayo ni fupi na inatokea karibu kabisa na makaburi. Chuma ndiye aliyepangwa kuongoza. Juzi mchana alikwenda peke yake kuikagua njia hiyo, akarudi nyumbani kabla hajafika nusu, akasema hatutapita. Kaka yake alimwuliza ameona nini. Hakuona kitu. Mto umejaa? Haukujaa. Mawingu? Anga ilikuwa nyeupe. Kaka mtu akaanza kusema kwamba vijana wameshajiandaa, na kwamba ni heshima ya mwisho kwa baba, na mama yao akamkata kauli.

"Mdogo wako amesema anaogopa. Yamekwisha."

Kwa hiyo msafara utapita barabara ya lami, kuzunguka msitu wote. Ni mbali, na wazee mtachoka, tunaomba radhi. Wenye makoti ya mvua, kofia zishushwe. Mungu amlaze mpendwa wetu mahali pasipo na wasiwasi, nasi atufikishe salama kwa njia ndefu.